Blada Nyuma ya Ukumbi

Jumatatu, 4 Machi 1996
Muuguzi wa kiwandani amemwambia mke wangu mwili wake unaganda. Ayuma hushona mashati zamu nzima, ameketi tu, wiki hii usiku, wiki ijayo mchana. Akichota maji bombani hurudi anahema. Nimeogopa, nakiri. Basi nimeomba ukumbi wa Kaloleni: Mazoezi ya Akina Mama wa Zamu, mwalimu ni mimi, Luseno. Odero wa nyumba ya pili ameuliza kama mwalimu anaweza kufunga viatu bila kuketi. Wivu tu.

Jumanne, 5 Machi
Wamekuja wengi, moja kwa moja kutoka zamu! Nikawaambia walale chali mikekani, wafumbe macho, wavute pumzi. Wakatii. Nilipotaka wainue miguu, hakuna mguu ulioinuka. Ukumbi mzima unakoroma. Wakoli, mtunza ukumbi, aliuliza kwa heshima kama afagie kuwazunguka.

Jumatano, 6 Machi
Nimegundua: hatuna vifaa. Nikaenda soko la Kariokor, fundi wa viatu vya akala akanikatia vipande virefu vya tyubu ya gari, vya kuvuta kwa mikono. Wakakataa. Batulo, jirani wa Ayuma pale kwenye cherehani, alisema mikono imevuta vitambaa usiku kucha, sasa ivute mpira wa nini? Nikaviacha barazani kwa hasira.

Alhamisi, 7 Machi
Jioni, kabla ya zamu, vicheko nyuma ya ukumbi. Nikachungulia. Wameunganisha vipande vyangu kwa mafundo, wanaruka blada, ule mchezo wa wasichana wa shule! Ayuma amekunja sketi, anaruka, jasho linamtiririka, anacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu aanze zamu. Nilifurahi kweli. Lakini najiuliza, nani amewafundisha bila mimi?

Ijumaa, 8 Machi
Nimewapelekea utaratibu. Wiki ya kwanza blada iwe magotini, ya pili kiunoni, na kucheka marufuku, kunapoteza pumzi. Wakaniambia nishike ncha ya blada au niende zangu. Mwalimu ashike ncha? Nikaenda. Odero akashika.

Jumapili, 10 Machi
Tangu jana nyuma ya ukumbi hakuna mtu. Wamehama. Ayuma ametoka bombani na mtungi wake, hahemi sana, tena anaimba. Hataki kusema wanarukia wapi. Ameniomba kwa upole: Baba Vivian, tafadhali usitusaidie tena. Maskini, ni uchovu wa zamu unaosema. Kesho namfuata kwa nyuma. Kundi zuri namna hii haliwezi kuachwa bila mwenyekiti.