Namba Yangu Ndani ya Kiolezo

Jumatatu, 4 Machi

Kikao saa tatu. Mkurugenzi wa shule yetu ya udereva kaniuliza kwa nini kubadilisha neno moja kwenye tovuti kunachukua siku tatu. Nikamjibu kazi nzuri haitaki haraka. Ukweli sikuusema: miaka sita nimechanganya kila kitu kwenye faili moja. Vichwa vya habari, rangi, maneno, vyote nimevisokota ndani ya msimbo, yale maagizo ya kompyuta yanayotafuta tarehe za masomo. Mtu mwingine akigusa koma moja, ukurasa wote unalala. Ndiyo maana wananibembeleza. Katibu huniletea chai mpaka mezani. Maisha mazuri.

Ubaya ni mmoja: likizo. Miaka miwili sijaionja, maana hakuna wa kunishikia kazi. Na mke wangu kasema Jumamosi tunakwenda kwa mama yake. Nikishindwa, nimweleze Mama mkwe kwa mdomo wangu. Sijawahi kuona mtu aliyemweleza Mama mkwe jambo la hivyo akabaki salama.

Mkurugenzi kaamua nitenganishe. Mwonekano ukae kwenye violezo, yaani kurasa zenye nafasi tupu, na msimbo uje kuzijaza tu. Violezo apewe Katibu. Nikimaliza Ijumaa, likizo ninayo.

Jumatano, 6 Machi

Nimetenganisha. Sikutegemea, lakini kazi imeninogea. Msimbo huku, ukurasa kule. Nimemhubiria Katibu asubuhi nzima kwamba msimbo haukanyagi kwenye kiolezo, mwiko. Kanielewa upesi mno. Kabadilisha salamu ya ukurasa wa mbele kwa dakika moja, bila hata kunitazama. Chai nimejimiminia mwenyewe.

Sasa nitakuwa nani? Mapambo?

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nimepenyeza mistari mitano ya msimbo kwenye kiolezo chake. Ikifika Jumapili tarehe za masomo zitajificha, na pale juu patatokea: "Kuna hitilafu. Mpigie Fundi." Kisha namba yangu. Katibu atapiga. Nitachelewa kidogo kupokea, kama watu wakubwa. Ofisi nzima itajua nani ni nani.

Ijumaa, 8 Machi

Makabidhiano. Violezo ni vya Katibu, na neno la siri analijua yeye peke yake. Agizo la Mkurugenzi: kila mtu na chumba chake. Nikasaini nikitabasamu.

Jumapili, 10 Machi

Kwa Mama mkwe. Kitanda kizuri, upepo mzuri. Saa mbili asubuhi simu ikaita. Nikajikohoza, nikapokea kwa sauti nzito. Si Katibu! Mama mmoja anauliza masomo ya lori yanaanza lini. Wa pili anataka kujua kama kurudi nyuma kunafundishwa siku ya kwanza. Hadi mchana, ishirini na saba.

Kuna jambo dogo nilisahau. Tovuti husomwa na watu wote, na Katibu Jumapili yuko kwake.

Simu ya tano ilipoita, mke wangu kahamishia sahani yake jikoni.

Jumatatu, 11 Machi

Nimempigia Katibu, nimemsihi afute mistari ile. Kashangaa. Kumbe aliiona asubuhi, akadhani nimejitolea kuhudumia wateja likizoni, akammwagia Mkurugenzi sifa zangu. Kaondoa "Kuna hitilafu" kwa kuwa haipendezi, namba kaikuza na kuitia rangi nyekundu. Neno la siri hakunipa. Kanikumbusha mahubiri yangu, na agizo la Mkurugenzi: kila mtu na chumba chake. Na kwa upande wa msimbo sina la kufanya. Nilivitenganisha vizuri mno.

Mke wangu kasema simu ikiita tena mezani, likizo hii anaimalizia peke yake na mimi nirudi nikalale ofisini. Ikaita.

Mama mkwe kainyakua. Nikafumba macho. Kamuuliza mpigaji ana umri gani, kama anaona vizuri, na kwa nini amechelewa hivyo kujifunza. Akamwandikisha papo hapo kwenye daftari lake la vipimo vya nguo. Kisha kanigeukia, kasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Sijui kisima gani. Mtaa huu una bomba.

Jumatano, 13 Machi

Mama mkwe hataki kuiachia simu. Kaandikisha wanafunzi thelathini na mmoja. Mkurugenzi kaniongezea wiki ya likizo, eti nafanya kazi vizuri nikiwa mbali. Mimi na mke wangu tumetembea jioni nzima, kanishika mkono. Furaha tupu.

Alhamisi, 14 Machi

Nimemshukuru Mama mkwe kwa kumtengenezea tovuti ya ushonaji wake. Ya violezo ingechukua siku nzima, na ingekuwa ya nani? Nimeweka kila kitu kwenye faili moja. Picha, bei za sketi, msimbo, vyote vimekumbatiana, hakuna mkono mwingine utakaovitenganisha. Mama mkwe kauliza itakuwaje akitaka kubadilisha neno.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, anipigie tu, saa yoyote.