Kizee wa Kwenye Kiti

Jumatatu, 2 Juni
Nimekwenda ukumbini, hapa Mabatini, kuona hayo maigizo ya mjukuu wangu Selina. Maigizo gani! Watoto wazima wanatembea kama bata. Kisha wawili wawili: mmoja akijikuna, mwenzake anajikuna, eti ni kioo. Mwalimu wao Revocatus anasema ndivyo mtu anavyomwingia mhusika wake. Nikamwambia nimelea saba, hakuna aliyeanzia kwenye ubata.

Kibaya zaidi, Selina kapewa aigize kizee! Umalkia kapewa Gladness, mjukuu wa jirani yangu Dorcas. Dorcas mwenyewe ameshaanza kutembea kimalkia. Nikakaza kitenge. Nyoo!

Jumanne, 3 Juni
Nimempelekea Revocatus sato wa kukaanga, mnene. Nikamweleza Selina ana shingo ya umalkia, kaitoa kwangu. Akala sato mpaka miiba. Kisha akasema hapana, mama. Ijumaa kila mtoto atakaa kwenye kiti, ataulizwa maswali, ajibu kama mhusika wake. Atakayeshindwa, anatoka kwenye igizo.

Sato wangu!

Jumatano, 4 Juni
Nimempa Selina mpango: kwenye kiti ajibu kimalkia tu, waone wenyewe. Ananikodolea macho. Naanika dagaa, ananikodolea. Nawarushia kunguru ndala, anacheka peke yake. Nikamuuliza kama ana minyoo. Akasema mwalimu kawaagiza wamchunguze mtu mzima wanayemfahamu. Nikamwambia basi aende kwa Dorcas, kule vituko havijawahi kuisha.

Dawa ya minyoo nimempa hata hivyo.

Ijumaa, 6 Juni
Mungu wangu.

Selina alikaa kwenye kiti, na Selina akaondoka, kikabaki kizee. Naapa! Mgongo ukapinda. Mdomo ukabenuka. Vidole vile vya kitoto vikazeeka nikiviangalia. Sijaona kitu kama kile, hata kwa waganga.

Paulo, mmoja wa watoto, akamwamkia shikamoo, akamuuliza mbona anagombana na majirani. Kizee akakaza kitenge kwanza. Akajibu hagombani, anawanyoosha. Akavua ndala, ikampata Paulo sikioni! Wakamuuliza anampenda nani hapa duniani. Akakaza kitenge tena. Akasema ana mjukuu mmoja, ila hatamwambia, atavimba kichwa.

Machozi yakanitoka, mimi!

Watu wote waligeuka kunitazama. Heshima hiyo. Dorcas alicheka mpaka akashika mbavu. Maskini, hakujitambua! Maana ni yeye mtupu: kiburi chake, mdomo wake, kuingilia ya watu. Mtoto kamchunguza barabara.

Revocatus kasema kizee ni wa Selina, hapokonywi. Vizuri. Jumatatu nampelekea sato mwingine, kizee avishwe taji.

Jumamosi, 7 Juni
Nimempitia Dorcas asubuhi. Nikamshauri kwa upole apunguze ukali, ameshaigizwa mbele za watu. Akaniuliza kama nyumbani kwangu kuna kioo. Nikakaza kitenge. Nikavua ndala.

Jioni nimemchinjia Selina jogoo. Kauliza kuna nini leo. Sikumwambia. Atavimba kichwa.