Farasi Mdogo wa Bweni

Jumatano, 14 Januari

Leo ulimi umeniponza tena. Mzee Sultanali, mwenye duka la vitambaa pale Kilindoni, anamuoza mwanawe Javed Jumamosi. Anataka bwana harusi aende kufunga ndoa juu ya farasi, kama babu zake. Kisiwa kizima cha Mafia hakuna farasi. Mimi nikaropoka: yupo, mzee! Farasi mdogo wa kijiji cha Bweni, mbegu ya hapa hapa. Mfupi, kifua kipana, kwato ngumu, hababaiki na ngoma, mpole kama mkwe mpya. Mzee akanishika mkono, akasema Shamte, umenipa heshima kubwa. Machozi yakamlenga! Nikatamani kusema kweli. Sikusema.

Alhamisi, 15

Nimeazima punda wa Mansuri muuza maji. Mansuri kacheka mpaka kakaa chini. Anasema huyo anauma, ana kisirani, ila njia za mjini anazijua hata umfumbe macho. Mchana kutwa namfunga masikio kwa kilemba chekundu. Dada yangu Sabra kaniuliza, kaka, huoni haya? Naona. Ila kilemba kimemkaa!

Jumamosi, 17

Ardhi ipasuke nizame.

Mwanzo safi. Javed juu, maua shingoni, vigelegele, tarumbeta. Mzee katangulia, kifua mbele. Tukafika kwa mama lishe wa kwanza. Punda kasimama. Anangoja dumu lishushwe! Kila asubuhi ndiyo kazi yake. Vuta, sukuma, bembeleza, hasogei mpaka mgongo uwe mtupu. Na dumu lenyewe ni Javed! Ikabidi bwana harusi ashuke, apande tena. Mlango wa pili, vile vile. Fundi cherehani. Muuza chapati. Nyumba kumi na moja! Kinyozi akamuuliza Javed leo yeye ni maji ya kunywa au ya kunawa. Hapo kilemba kikaanguka, masikio yakachomoka, mnyama akalia kile kilio chao. Barabara nzima ikaangua kicheko.

Fatema, bibi harusi, kangoja saa mbili nzima. Wanasema shehe alishavaa viatu aondoke.

Mzee hakunigombeza. Alinitazama tu, akamshika mwanawe mkono, wakamalizia kwa miguu. Bora angenichapa.

Jumapili, 18

Sijatoka. Sabra ananiwekea chai mlangoni kama mgonjwa. Kila anayepita nje analia kama punda.

Jumatatu, 19

Nimekwenda kuomba radhi. Shikamoo, mzee. Kakunja kitambaa chake mpaka mwisho, ndipo akajibu marahaba. Nikalia. Wallahi, machozi ya kweli. Akasema kanisamehe, hata Javed mwenyewe sasa anacheka. Ila ningemwambia ukweli, wangetembea tangu nyumbani na heshima yao. Nikaapa mbele yake: uongo basi, Shamte kaacha!

Nikasimama niage. Mzee akashusha pumzi, akawa anajisemea kwamba Aliakber, mdogo wake Javed, anaoa baada ya Idi, na mtoto huyo anaota ngamia.

Nikamwambia, mzee, pale kisiwani Juani yupo wa kienyeji. Mdogo, mpole, na bahari anavuka mwenyewe.