Mke Wangu Azuiwe Kupiga Rivasi

Kwa Bw. Roland Kubiak,
Mwenyekiti, Chama cha Wenye Boti wa Ziwa Tamsett,
Wisconsin.
Jumanne, 14 Aprili

Ndugu Mwenyekiti,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na boti yako, na kwamba mgongo wa mkeo, Bi. Lorraine, umepata nafuu tangu turudi safarini. Mimi sijambo, ukiacha heshima yangu, ambayo niliiacha Kentucky Jumamosi iliyopita kati ya saa nne na saa tano kasorobo asubuhi.

Nimesikia kwamba kikao cha Alhamisi kitapiga kura kumfanya mke wangu, Ardis, kuwa Msimamizi wa Kushusha Boti. Nakuandikia kwa unyenyekevu wote kuomba kura hiyo isipigwe. Nimekuwa mwanachama kwa miaka ishirini na sita na mume wa mtu kwa miaka thelathini na minane, na muda wote huo usukani ulikuwa wangu. Akipewa cheo hicho, mimi nitabaki nani? Naomba uyapime malalamiko yafuatayo bila upendeleo, ingawa najua boti yako nayo aliishusha yeye.

Kwanza. Safari yenyewe sina ugomvi nayo. Kila mwaka barafu ikikataa kutoka ziwani kwetu, sisi watu wazima wenye akili timamu hufunga boti nyuma ya magari na kuzivuta maili mia tano kwenda kusini kutafuta maji yaliyokwisha kuyeyuka. Ni jambo la busara kabisa. Boti yangu niliivuta njia nzima bila kosa, hata pale Illinois upepo ulipotaka kuondoka nayo. Katika kwenda mbele, Ndugu Mwenyekiti, sijashindwa na mtu. Lakini tulipofika kwenye mteremko wa kushushia boti nikaambiwa niingie kinyumenyume. Ni nani aliyepitisha utaratibu huu, na katika kikao gani? Bata huingia ziwani kifua mbele. Ng'ombe huingia kwa kichwa. Boti peke yake ndiyo itangulize makalio, na dereva alitafute ziwa zima ndani ya kioo kidogo cha pembeni.

Pili. Inasemekana nilichukua dakika arobaini. Saa yangu ilionyesha thelathini na nane. Na dakika hizo hazikupotea, kwa kuwa nilikuwa nikipambana na trela ambalo ukikata usukani kushoto lenyewe linakwenda kulia. Nililielekeza majini mara kumi na moja. Mara mbili lilichagua kwenda kwenye meza za watu waliokuwa wakila soseji zao kwa amani. Wanachama wenzangu, badala ya kunisaidia kwa kutazama pembeni, walitoa viti vya kukunja, wakamiminiana kahawa, wakakaa safu moja. Duane Prochnow, ambaye mwaka juzi alisahau kuziba tundu la chini la boti yake akaizamisha mbele ya mchungaji, alipaza sauti: "Leland bwana, ukifika Kanada utusalimie huko." Watu wakacheka. Bi. Lorraine, na mgongo wake ule, akacheka.

Tatu. Hapo ndipo wewe mwenyewe, kiongozi niliyempa kura yangu mara tatu, ulipomwendea Ardis na kumwambia, "Shemeji, hebu ijaribu wewe, na sisi tule mchana." Mke wangu akafuta mikono, akapanda garini, akashika usukani kwa mkono mmoja tena kwa chini, na boti ikaingia majini kama droo kabatini. Dakika moja na nusu. Nilikuwa sijamaliza kueleza tatizo la trela. Kisha akashusha ya Duane, akashusha yako, akashusha hata za watu wa Indiana tusiowajua kwa jina wala kwa sura. Alipigiwa makofi. Mimi niliyefanya kazi ngumu zaidi, na kwa muda mrefu zaidi, sikupigiwa hata kofi moja.

Nne. Lalamiko la nne nimelifuta kwa sababu Ardis amepita nyuma ya kiti changu akitafuta miwani yake.

Tano. Hili linaniuma kweli, na nakuomba ulisome ukiwa peke yako. Imebainika kwamba mke wangu alikuwa akiingiza matrela ya nyasi kavu kinyumenyume ghalani kwa baba yake tangu ana miaka kumi na mmoja. Kwamba alikulia shambani nilijua. Hilo la matrela sikulijua. Maana yake ni kwamba kwa miaka thelathini na minane amekuwa akisimama nyuma ya boti yetu kwenye mvua, akipunga mikono, akisema kushoto Leland, kushoto kidogo, na mimi nikimfokea dirishani kwamba mambo haya hayaelewi. Tukiwa njiani kurudi, yeye akiendesha na mimi nimepakatishwa mfuko wa jibini, nilimwuliza kwa nini alinificha. Hakugeuza hata shingo.

"Ningekwambia, ungenipa usukani?"

Nilifungua mfuko nikatafuna jibini mpaka tukaumaliza mji mzima. Ulikuwa mji mkubwa.

Sita. Tangu Jumapili simu ya nyumbani haipumziki. Kila apigaye anamtaka Ardis. Jana amepiga mtu mwenye trela la kubebea farasi, hana hata boti.

Kwa hayo yote naomba Chama kiamue ifuatavyo. Kura ya Alhamisi ifutwe. Viti vya kukunja vipigwe marufuku karibu na maji. Mwanamke yeyote anayejua rivasi amtaarifu mchumba wake kwa maandishi kabla ya harusi, mbele ya mashahidi wawili. Mteremko wa ziwa letu ujengwe upya, ili gari litumbukie kwa mbele upande huu na kutokea upande wa pili. Na wahandisi wakisema mteremko hauwezi kuhamishwa, basi lihamishwe ziwa. Mimi ni mtu wa maelewano, sitadai yote mawili.

Nisalimie Bi. Lorraine na wajukuu wenu. Nisalimie mchungaji, mweka hazina, na wale wa Indiana ikitokea mkaonana. Duane nisalimie kwa kifupi.

Wako mwaminifu, majini na nchi kavu,

Leland Torgerud
Mwanachama namba 41

Baada ya sahihi: Kabla ya kupeleka barua hii posta nimepita ziwani na boti, kwa kuwa barafu imetoka jana na nilitaka kukuambatishia picha ya ushahidi kwamba rivasi naiweza. Picha haipo. Gari na trela vimekunjana katikati ya mteremko, gurudumu moja limo majini, na magari matano yananisubiri. Wenyewe hawapigi honi. Wananitazama kwa upole, na hilo ni baya zaidi. Bwana wa gari la kwanza amechoka kungoja, anapita kwako, ndiye anayekuletea hii. Tafadhali mpigie Ardis aje. Simu ninayo, nimeishika mara tatu, na mara tatu nimeirudisha mfukoni. Alhamisi kura yangu iandike ni yake. Naandika haya nikiwa upande wa abiria. Mwambie kiti cha dereva nimekwisha kukisogeza mbele, ili miguu yake ifike.