Waraka wa Kuzuia Kuazimana Kete

Kwa furaha kubwa na kwa maslahi mapana ya umma, Idara ya Michezo ya Mezani ilitangaza kwamba kuanzia Jumatatu ile hakuna kete, dadu, karata wala wazo litakaloruhusiwa kuhama kutoka mchezo mmoja kwenda mwingine bila kibali.

Waraka ulikuwa wa kurasa thelathini na nne, na aliyeuchapa wote ni Karani, mama wa makamo mwenye vidole vyepesi na mdomo mzito. Hakuusoma. Kuchapa ni kazi, kusoma ni starehe, na Karani hakuwa mtu wa starehe saa za kazi. Lakini aliuunga mkono kwa moyo mmoja. Uzembe ulikuwa umezidi. Watu wazima walikuwa wanacheza drafti kwa vizibo vya soda, na serikali inatazama tu.

Jumanne ikamfikia ripoti ya kwanza. Hospitali, wadi ya wanaume, kitanda cha sita na cha saba: vizibo na vifungo vya shati vinatumika kama kete za drafti, pamoja na dadu iliyotoroshwa kutoka kwenye ludo. Kwenye kitanda cha sita alilala baba yake.

Alipotoka kazini alikwenda. Baba yake, dereva wa lori mstaafu aliyevunjika nyonga, alikuwa ameweka ubao kwenye kiti katikati ya vitanda. Mwenzake wa kitanda cha saba alikuwa fundi cherehani. Kiharusi kilikuwa kimemchukua mkono wa kulia na karibu maneno yote.

"Baba, dadu ya nini kwenye drafti?"

"Ya huyu bwana. Ukimwachia achague kete ya kusogeza, anaganda mpaka machozi yanamtoka. Basi dadu inamchagulia. Ikitoka tatu, anasogeza ya tatu. Jana kanifunga mara mbili, akacheka. Hata nesi alikuja kuangalia nani kacheka."

"Mna kibali?"

"Cha kucheka?"

"Cha kuhamisha wazo, baba."

Mzee alimtazama binti yake kama anavyotazama lori linalorudi nyuma bila kuangalia. Fundi akarusha dadu kwa mkono wa kushoto, akasogeza kifungo, akala vizibo viwili. Mabega yake yakatikisika kwa kicheko.

Jumatano maofisa walikuja kuchukua dadu. Alhamisi asubuhi baba akapiga simu ofisini.

"Mwanangu, mwenzangu kageukia ukutani, hali chakula. Si wewe unayeandika hayo makaratasi? Hebu yasome."

Saa ya chakula cha mchana Karani aliusoma waraka. Ukurasa wa kumi na tisa aliweka kijiko chini. Kisha akaenda masijala kuomba faili moja.

Ijumaa kesi ilisikilizwa ukumbini. Wazee wawili waliletwa kwa viti vya magurudumu. Mkurugenzi alizungumza dakika arobaini kuhusu uadilifu wa ubao, halafu akasema, "Karani, wasomee watuhumiwa kete ni nini."

Karani akasimama. "Kete ni kitu chochote kilichoandaliwa kwa ajili ya ubao fulani, kinachosogezwa na mkono usio wake, na ambacho kikiondolewa mchezo unaendelea."

"Na adhabu?"

"Kete yoyote iliyoazimwa irudishwe kwenye boksi lake siku hiyohiyo."

"Umesikia, mzee? Karani, kuna kete nyingine iliyoazimwa humu ndani?"

"Ipo moja, mheshimiwa." Akafungua faili. "Afisa wa Mizani, kutoka Idara ya Vipimo. Aliazimwa hapa kwa miezi sita kushika kiti cha Mkurugenzi. Huu ni mwaka wa nne."

Fundi cherehani aligeuza shingo kumtazama Mkurugenzi.

"Waraka unahusu vitu," alisema Mkurugenzi.

"Unasema kitu chochote. Hilo chochote uliliongeza wewe kwa kalamu nyekundu."

"Basi najipa kibali sasa hivi."

Mwanasheria wa Idara, ambaye kwa miaka minne alikuwa akikubali kila kitu, akakohoa. "Kete haiwezi kujipa kibali, mheshimiwa. Na kama aliyesaini ni kete, waraka wenyewe ni batili." Akafikiri kidogo. "Ila ni busara waraka umrudishe yeye kwanza, halafu ndiyo ufe."

Karani alichukua dadu kwenye meza ya vielelezo, akaiweka kwenye kiganja cha kushoto cha Fundi. Fundi akaifumba. "Sita," akasema, neno lake la kwanza tangu Jumatano. Baba akasema wasubiri wafike wadini kwanza, hakuna kujipangia namba.

Alasiri hiyo Mkurugenzi alirudishwa Vipimo kwa gari la Idara. Jumatatu stakabadhi ya Vipimo ikafika mezani kwa Karani: "Imepokelewa kete moja, kuukuu. Hatukuwa tumegundua kwamba ilikosekana."