Paa la Kanisa na Alama Kumi na Moja

Jumatatu, 2 Juni
Barua ya Kiingereza kwa marafiki wa usharika wetu huko ng'ambo imekwenda, kwa simu yangu. Nimewaarifu kuwa paa la kanisa limekamilika, na mwishoni nikabandika alama za mshangao kumi na moja. Kwa nini nisibandike? Jumapili baada ya ibada mnadishaji ni mimi, na kuku wa sadaka hauzwi kwa kunong'ona! Severina, mwalimu mstaafu, kasoma nakala akaniambia alama moja ingetosha, tena si kila sentensi. Eti barua yangu inapiga mayowe. Wivu! Anautaka ukatibu wangu. Agosti wageni wanakuja, na katibu ndiye atakayewapokea Iringa mjini na kukaa siti ya mbele ya gari.

Jumatano, 4 Juni
Majibu. Wametufanyia maombi maalumu. Eti kwa alama zile wamedhani ni mayowe ya msiba, wanauliza paa limeangukia watu wangapi.
Mchungaji kayasoma mbele ya kamati nzima. Severina kakohoa. Kikohozi cha kampeni kile! Nimepewa barua moja ya mwisho. Nikiharibu, kalamu inahamia kwake.

Ijumaa, 6 Juni
Nimeandika kwa utulivu. Paa ni zima. Hakuna aliyeumia. Mtakuja Agosti. Nukta tupu, kama tangazo la kukatika umeme. Severina akanishauri niweke alama moja tu, pale kwenye kuwakaribisha. Hapo furaha inaruhusiwa. Nikamwambia asante, Mwalimu, shule imefungwa. Nikatuma.

Jumapili, 8 Juni
Balaa. Wageni wanauliza wametukosea nini, na kama ni heri waahirishe safari. Mchungaji kavua miwani.
Mnadani nikanong'ona. Jogoo nimemuuzia Severina bila hata kumsifia. Akambana kwapani, akaniambia kwa upole, "Lete hiyo simu, Baba Blessing." Akaandika sentensi nne. Alama moja, kwenye karibu. Chini akaweka jina langu! Langu!

Jumanne, 10 Juni
Wanakuja! Wamemsifu katibu kwa Kiingereza chenye moyo. Mchungaji kanipa mkono. Severina kanipa jicho, kisha akacheka. Nimemuahidi siti ya mbele. Siku wageni wakiondoka.
Jioni nimekaa kutuma ratiba ya ziara. Severina alishaikagua, kaacha alama yake moja mwishoni. Nimeitazama. Imesimama peke yake, na baridi hii ya Kilolo. Nimeiongezea wenzake kumi, nikatuma.