Kiti cha Mwenyekiti na Vizazi vya Adamu

Jumatatu, 7 Oktoba 1974
Balaa! Padri katangaza kwamba Jumapili jumuiya yetu ya Rahaleo itachagua mwenyekiti. Tunaogombea ni wawili: mimi Yohana, karani wa kuhesabu magunia ya korosho bandarini, na Mwalimu Kasiani. Kila mmoja aeleze Mwanzo sura ya tano: yale majina, Adamu mpaka Nuhu, yana faida gani kwa roho ya Mkristo. Mke wangu Rozalia kasema Kasiani atafaa, ana sauti nzuri. Sauti! Nikaumaliza ugali wote. Sina wivu. Ila yule bwana hata kunyoa ndevu ananishinda, na inaniuma.

Jumanne, 8 Oktoba
Nimempatia dawa. Wote tuna Agano Jipya tu. Biblia nzima ni moja, ya Padri. Nimeiazima alfajiri. Jioni Kasiani kaja kuiomba, hata kwa saa moja. Nikamwambia bado niko kwa Sethi. Akasema hamna shida, akanishukuru. Akanishukuru! Watu wa namna hiyo ndio wabaya.

Ijumaa, 11 Oktoba
Majina yote yamo kichwani. Nimejumlisha miaka kama magunia. Methusela, mwenye miaka mia tisa sitini na tisa, alikufa mwaka uleule wa gharika! Nani mwingine Mtwara nzima analijua hilo? Kasiani hajarudi. Namwonea huruma. Hapana, simwonei.

Jumapili, 13 Oktoba
Aibu tupu. Nilieleza dakika hamsini. Nilipofika kwa Yaredi, Mzee Josephu alikuwa anakoroma. Nikamuua Methusela, hakuna aliyeshtuka!

Kisha akasimama Kasiani, mikono mitupu. Akasema kitabu alikikosa, basi alikwenda kijijini Mpapura kwa Mama Modesta, bibi ambaye yeye Kasiani alimfundisha kusoma katika kisomo cha watu wazima, kumwuliza majina ni ya nini. Bibi akamwonyesha daftari. Siku alipojua kuandika, hakuandika barua. Aliandika majina ya mama yake, bibi yake, na wanawe watatu waliofariki wadogo. Hakutaka ionekane kana kwamba hawakuwahi kuwapo. Kasiani akasema hao wa kwenye Mwanzo nao wengi wao hatuambiwi walifanya nini. Walizaa, wakafa, na Mungu hakumsahau hata mmoja. Nasi hatatusahau.

Watu wakalia. Rozalia akalia! Kwa ajili yangu hajalia tangu siku ya harusi. Kura: Kasiani kumi na tisa, mimi moja. Hiyo moja naijua, niliipiga mwenyewe.

Jumanne, 15 Oktoba
Nimetafakari sana, nimeliona kosa langu. Niliificha Biblia, kumbe wa kufichwa ni Mama Modesta! Jumapili ijayo tunachagua katibu, nami nagombea, kwa sura ya kumi na moja, Shemu mpaka Abramu. Basi leo nimemkaribisha bibi kwetu, mgombea mwingine asimpate. Kaja, kala, kaniuliza bibi yangu mzaa mama aliitwa nani. Sijui. Nikamwambia si kitu, mbona hata kwenye ile orodha ya Adamu hakuna bibi wa mtu.

Akanitazama. Akasema Mwalimu naye alipoulizwa hakujua, akaona uchungu, akalia palepale.

Kumbe! Si wangeniambia mapema kwamba kulia kunahesabiwa? Jumapili naanza kulia kwa Shemu, sinyamazi mpaka Abramu.